SAMAKI NI WA MUNGU, KIBALI NI CHA NANI? Historia fupi ya sheria ya kitoweo cha mtoni na porini huku kwetu Kusini



Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote, wa nchi kavu na wa majini. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wake wa nyumbani na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wa Nachingwea, wa Ruangwa na popote mnaposomea somo hili: kila kiangazi, Mbwemkuru na Lukuledi zinapopungua na kubaki mabwawa huku na huko, maswali ya aina moja huletwa msikitini. Kijana amekamatwa na ngozi ya chatu. Mzee amezuiwa kuvua. Watu wameamka asubuhi wakakuta bwawa zima limejaa samaki waliokufa wakielea. Na neno linalosemwa ni lile lile: "Shehe, samaki ni wa Mungu, kobe ni wa Mungu, pori ni la Mungu. Sasa huyu binadamu anayenidai kibali amekipata wapi?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kijinga. Limebeba historia ndefu, na ndani yake mna haki na mna makosa. Leo tulifungue taratibu. Naomba usome mpaka mwisho, maana ukiishia katikati utaondoka na nusu ya maneno, na nusu ya maneno hugombanisha watu.

1. SHERIA YA UVUVI HAIKUANZA NA SERIKALI

Fungua Suratul Aaraf, aya ya 163 hadi 166. Hapo Allah anatusimulia habari za mji uliokuwa kando ya bahari, watu wake wakiwa katika Bani Israili. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Wakatiwa katika mtihani: siku ya Sabato samaki walikuja juu juu wakiwaona kwa macho, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanaeleza kwamba baadhi yao walifanya hila. Wakatega mitego kabla ya Sabato, wakaja kukusanya Sabato ikishapita, wakajiambia kwamba wao hawakuvua siku iliyokatazwa.

Watu wa mji ule wakagawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza lilivunja amri. Kundi la pili lilikataza ubaya. Kundi la tatu lilinyamaza, tena likawauliza wale wanaokataza kwa nini wanajisumbua na watu ambao Allah atawaangamiza. Adhabu ilipokuja, Qurani inasema wazi kwamba waliokataza ubaya waliokolewa na waliodhulumu walishikwa. Kuhusu walionyamaza, wanazuoni wamekhitilafiana.

Angalia jambo moja hapa. Yule yule mwenye samaki ndiye aliyeweka siku ya kutovua. Kwa hiyo kusema "ni wa Mungu" hakumalizi mjadala, bali ndipo mjadala unapoanzia. Mali ikiwa ni yako, unaitumia utakavyo. Mali ikiwa ni ya mwenyewe na wewe umepewa kuitumia tu, kuna masharti. Sisi hapa duniani ni watu wa amana.

2. HALALI YA KULA NI MLANGO MMOJA, NAMNA YA KUCHUKUA NI MLANGO MWINGINE

Watu wengi wanachanganya milango hii miwili.

Mlango wa kwanza ni kula. Suratul Maida aya ya 96 imetuhalalishia mawindo ya baharini. Na kuna kisa cha jeshi la Abu Ubayda bin Al-Jarrah (r.a.), watu mia tatu walioshikwa na njaa hata wakala majani ya miti, mpaka wakakuta samaki mkubwa mno ametupwa ufukweni. Wakala siku nyingi, na waliporudi Madina Mtume (s.a.w.) akaiita ile ni riziki waliyotolewa na Allah, naye akala katika nyama iliyobaki. Kwa hiyo samaki wa mtoni, kambale, perege na wengineo, hilo halina mgogoro.

Wanaoishi majini na nchi kavu wana hukumu nyingine. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Minhaj ambayo ndiyo kitabu kikubwa cha sisi Mashafii, amewataja chura, kaa na nyoka kuwa hawaliwi. Chura ana hadithi yake mahsusi: tabibu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kumtia chura katika dawa, akakataza kumuua. Wamaliki wana upana zaidi katika viumbe hawa, na Mahanafi wanabana zaidi, kwa majini wao wanaishia kwa samaki tu. Na yule mjusi wa jangwani anayeitwa dhabb aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) kwenye chakula. Yeye hakumla kwa kuwa hakuzoeleka katika nchi ya watu wake, wala hakumharamisha, na Khalid bin Walid (r.a.) akamla mbele yake. Kwa hiyo tusitukanane kwa ajili ya vyakula vya makabila. Eleza hukumu, usimdharau mtu.

Mlango wa pili ni namna ya kuchukua. Samaki ni halali, lakini ukimwibia mwenzio kwenye mgono wake umekula haramu. Samaki ni halali, lakini ukimpata kwa kutia sumu kwenye maji wanayokunywa watu, umewadhuru watu, na msingi wa dini yetu ni kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Hapo ndipo sheria za kuvua na kuwinda zinapokaa: kwenye mlango wa pili.

3. UMAR NA MLINZI WA MALISHO

Sasa tuje kwenye historia ya Kiislamu. Kutenga eneo likalindwa si jambo geni kwetu, linaitwa hima. Madina yenyewe ni haram, mawindo yake hayawindwi. Mtume (s.a.w.) alilinda Naqii, na Umar (r.a.) akalinda Sharaf na Rabadha kwa ajili ya wanyama wa jihadi na wa sadaka. Lakini Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba hima ni ya Allah na Mtume wake tu. Yaani zile tabia za wakubwa wa zama za ujinga, mtu kujitengea malisho kwa ajili ya mifugo yake mwenyewe, zilifutwa.

Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Umar alipomweka mtu aitwaye Hunayy kuwa mlinzi wa hima. Alimwagiza awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa sababu dua hiyo inajibiwa. Akamwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Akamwambia ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan, ambao wote wawili ni maswahaba wakubwa wa kubashiriwa Pepo! Sababu yake ni kwamba matajiri hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini akifiwa na vimifugo vyake atakuja na watoto wake kumlilia kiongozi, na kiongozi hawezi kumtupa. Tena Umar akakiri kwamba wenyeji wanaona amewadhulumu, kwa kuwa nchi ile ni yao, waliipigania kabla ya Uislamu na wakasilimu wakiwa nayo.

Shika mizani hii mkononi: sheria ipo, mlinzi yupo, mnyonge anafikiriwa kwanza, mkubwa anabanwa, na malalamiko ya mwenyeji yanasikilizwa. Tuzipime kwa mizani hii sheria zilizopita hapa kwetu.

4. MJERUMANI, 1896

Sheria ya wanyamapori ya kwanza kubwa katika nchi hii ilitolewa Mei 1896 na gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Iliweka leseni za kuwinda na ikatenga mapori ya akiba ya mwanzo, moja likiwa upande wa Rufiji. Mwenyeji aliyekuwa akiwinda kwa ajili ya chungu chake akaambiwa sasa anahitaji karatasi. Mzungu mwenye fedha akaipata karatasi ile kwa urahisi.

Mwaka 1905 vikalipuka vita vya Majimaji kuanzia Umatumbi, vikashuka mpaka kwa Wamwera na Wangindo. Misheni za Nyangao na Lukuledi ziliteketezwa mwezi Agosti mwaka huo. Sababu kubwa tunazijua: pamba ya lazima, kodi, kazi za shuruti. Lakini baadhi ya wanahistoria wameongeza sababu ambayo mkulima wa Kusini ataielewa haraka, nayo ni vizuizi vya kuwinda, wakati nguruwe mwitu na tembo wanamaliza shamba. Mwenye shamba hana bunduki, hana leseni, na njaa inamsubiri. Vita vikaisha mwaka 1907 kwa kuchomewa vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Na miaka miwili tu baadaye, 1909 hadi 1913, Wajerumani hao hao wakachimba kule Tendaguru, ndani ya Lindi yetu hii. Wakatoa zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kupelekwa Berlin. Wachimbaji walikuwa watu wetu, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mjusi yule amesimama Berlin mpaka leo, kimo chake kama mita 13. Kobe wa mwenyeji alihitaji sheria, na mjusi yule mkubwa akaondoka nchini bila mwenyeji kuulizwa. Ukisikia watu wa Kusini wanatilia shaka maneno ya "uhifadhi", usiwaite wajinga. Wana kumbukumbu.

5. MWINGEREZA NA MTU WA NYOKA

Mwingereza naye akaleta sheria yake ya wanyama mwaka 1921, na mwaka 1922 pori la upande wa Rufiji likapewa jina la Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani mwaka 1917. Miaka ya 1940 Wangindo wengi wa Liwale wakahamishwa, sababu iliyotajwa ikiwa ni malale, na pori likapanuliwa juu ya mahame yao.

Ofisa aliyesimamia sana kazi ile ya kukuza pori ni C. J. P. Ionides. Wazee wa Liwale na Newala walimfahamu kama mtu wa nyoka. Alikamata maelfu ya nyoka kwa mikono na fimbo zake, koboko wa kijani, mafutu na wengineo, akiwapeleka kwenye bustani za wanyama na maabara za ng'ambo. Raia walimletea habari za nyoka alipo, naye akawalipa. Alifariki mwaka 1968. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Elimu ya nyoka na ya dawa za sumu yao imefaidika na kazi yake. Ninachosema ni kwamba katika zama zile, kuchukua kwa wingi kwa ajili ya ng'ambo kuliitwa elimu, na kuchukua kidogo kwa ajili ya watoto kuliitwa ujangili.

Na Nachingwea tusisahau mpango wa karanga, 1947 hadi 1951. Matrekta yaling'oa miombo kwa maeneo makubwa, karanga zikashindikana, mpango ukaachwa. Kobe na kenge wangapi walikwenda na ule msitu? Hakuna aliyetozwa faini.

6. BAADA YA UHURU

Mwezi Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akisema ni dhamana tuliyoibeba kwa ajili ya watoto na wajukuu. Bunge likatunga Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 1974. Zikaja kubadilishwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, ambazo pamoja na marekebisho yake ndizo tunazoishi nazo. Tofauti yake na za mwanzo ni kubwa: hizi zimetungwa na wawakilishi wetu, na zinaweza kurekebishwa nao.

Hata hivyo dhulma haikwisha kwa kubadilisha bendera. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ilianzishwa kupambana na majangili wa meno ya tembo. Ikasitishwa baada ya malalamiko ya raia kuteswa na hata kuuawa, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Kumbuka wasia wa Umar kwa Hunayy: ogopa dua ya aliyedhulumiwa.

7. SHERIA YA LEO KWA LUGHA RAHISI

Kwanza, neno "mnyamapori" katika sheria si tembo na simba tu. Chatu, kobe, kenge, mamba, kinyonga na chura wote wamo. Kumkamata, kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa. Ngozi, nyama na meno yake huitwa nyara za Serikali, na kukutwa na nyara kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha miaka 20 na zaidi. Kijana, kabla hujaamini kwamba mgeni wa mjini atakulipa kwa kobe, hesabu miaka 20. Yeye ataondoka na gari, wewe utabaki na kesi.

Pili, samaki. Sheria ya Uvuvi inakataza sumu, mabomu na umeme. Utupa ni sumu, hata kama umeota nyuma ya nyumba ya babu. Dawa ya kuulia wadudu wa shambani ni sumu mbaya zaidi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Kosa la wachache likawakosesha riziki wavuvi na wafanyakazi wa viwanda katika nchi tatu.

Tatu, chandarua. Kimetolewa kukukinga na mbu, na kimetiwa dawa inayodhuru samaki. Tundu lake halipitishi hata kifaranga cha samaki. Unavua mchuzi wa leo na mboga ya miaka mitatu ijayo kwa mkupuo mmoja.

Nne, kasa kwa ndugu zetu wa pwani. Kanuni za uvuvi zinamlinda, na kumla ni hatari: Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama yake. Sumu ile haionekani, wala haitoki kwa kupika. Hapo sheria na uhai wa mtoto wako vimekwenda njia moja.

8. "CHURA ANA KAZI GANI?"

Mnakumbuka vyura wa Kihansi na vichekesho vyake. Waligunduliwa mwaka 1996 kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi, hawafiki sentimita 3, wanazaa badala ya kutaga, na hawakupatikana popote pengine duniani. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zikapungua, kisha ugonjwa wa ukungu ukawamaliza. Mwaka 2000 karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Wakaanza kurudishwa nyumbani mwaka 2010 na kuachiwa korongoni mwaka 2012.

Watu walicheka: fedha zote hizo kwa ajili ya chura? Muumini asicheke haraka. Suratul An-aam aya ya 38 inatufundisha kwamba wanyama watambaao na ndege nao ni umma kama sisi. Umma mzima unaweza kwisha kwenye korongo moja, kama ulivyo umma wa samaki kwenye bwawa moja la Mbwemkuru. Kambale ana uvumilivu mkubwa, anavuta hewa juu ya maji na anaishi hata kwenye tope. Bwawa la kiangazi ndilo ghala lake la mbegu. Mvua za kwanza zikifika, waliosalia humo ndio watakaopanda kuzaliana. Ukilitia utupa bwawa hilo umeua na masika.

9. TUFANYE NINI?

Wewe unayevua kwa ajili ya watoto wako: vua kwa ndoana na mgono, mdogo umrudishe, na bwawa la mwisho liache. Nenda kwa afisa uvuvi wa Halmashauri umuulize utaratibu, maana kumtii kiongozi katika jambo la maslahi ya watu ni wajibu wa dini. Usifanye hila za watu wa Sabato, kutega usiku ukasema mchana hukuvua.

Wewe unayejua anayetia sumu na umenyamaza kwa sababu ni shemeji yako: soma tena makundi matatu ya Suratul Aaraf, ujiulize uko kundi gani. Mwonye kwa upole. Akikataa, peleka kwenye serikali ya kijiji. Maji yale wanakunywa watoto wa wote.

Wewe afisa, askari, mjumbe wa kamati ya maliasili: sheria uliyopewa ni amana. Ukimkamata bibi mwenye kambale watatu, na lori la mfanyabiashara likapita usiku kwa bahasha, umeipindua hima ya Umar. Umemwingiza tajiri na kumfungia maskini. Dua ya bibi yule haina kizuizi.

Na sisi maimamu tusiishie kusema halali na haramu ya kula tu. Tufundishe na mlango wa pili.

Ndugu zangu, sheria ya Mjerumani ilikuja kutunyima. Sheria ya leo, ikisimamiwa kwa haki, imekuja kutubakizia. Tusiichukie hii kwa hasira za ile. Na inapokosea, tuiseme mchana kweupe kwenye mkutano wa kijiji na kwa diwani, tusiende kuipinga usiku mtoni kwa utupa.

Ewe Allah, tubarikie maji yetu na riziki yetu, utujaalie kuwa watu wa amana, utuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.

Wallahu a'lam. Ukiona lina faida, mfikishie na mwenzio, hasa aliye jirani na mto.